Harufu Ndani ya Gari ya Bwana Harusi

Mie mtu wa hasira, sikatai. Mama anasema nilizaliwa nikigomba. Lakini siku ile nilikuwa na haki yangu: ndoa yangu ilikuwa baada ya adhuhuri kule Shumba, nyumbani kwa mashangazi zake mchumba wangu Ruweida, na gari ilikuwa inanuka mafuta yanayoungua.

Kando yangu alikaa baba yake mchumba wangu, Mzee Safari, fundi wa kuunda mashua wa Kojani. Kumtoa mzee huyu kisiwani kwao ni kazi. Alivuka jana yake, akalala kwetu Jadida. Ruweida alikwishanambia tangu posa: "Baba asipokuja kuniozesha mwenyewe, mie siolewi. Uwakala sitaki." Sasa ndugu zangu wote wametangulia, shehe ana ndoa nyengine alasiri, na huyo baba ninaye mimi.

"Baba, husikii harufu?"

Akavuta pumzi. "Harufu gani? Mie sisikii kitu."

Hatujafika Konde, moshi ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikaegesha, nikashuka na kanzu yangu nyeupe pe, nikampigia simu Mmanga, fundi wangu wa gari. Juzi tu alinibadilishia gasketi ya kifuniko cha injini.

"We Mmanga! Gasketi gani umenifungia? Wataka nichomeke siku ya harusi yangu?"

"Na wewe hujambo, bwana harusi," akajibu, taratibu, kama kawaida yake ya kunitia wazimu. "Zima gari. Iache ipoe. Kisha vuta stiki ya oili, ifute, irudishe, uivute tena."

Nikasubiri, nikavuta. Oili ilikuwa pale pale ilipokuwa asubuhi.

"Basi haipungui. Na chini?"

Nikapiga magoti, kanzu na yote. Chini pakavu, hata tone.

"Pitisha kidole pembeni ya gasketi."

Nikapitisha, kikarudi kinang'aa. "Mafuta haya hapa! Si nilikwambia!"

"Yana rangi gani?"

"Manjano."

"Oili yako nyeusi, bwana. Hebu nusa."

Nikanusa. Gari yangu hubeba samaki kila siku, harufu yao nimeizoea hata siisikii tena. Lakini kidole kikiwa puani, hapana shaka.

"Papa," nikasema. "Mmanga, injini inanuka papa."

Akacheka mpaka akaniudhi. "Mafuta ya papa ni ya kupaka mashua. Si umemlaza fundi wa mashua kwako? Muulize mkweo."

Nikageuka. Mzee Safari alikuwa amesimama nyuma yangu.

"N'lipaka mie," akasema. "Jana, ulipokwenda kunyoa. Uliacha wazi hapo mbele, n'kaona machuma yamepauka, masikini. Kwetu chombo kikavu hakitiwi majini. N'kapaka mafuta ya papa pote. Na lile bomba lenye kutu n'kalipaka mara mbili."

Mara mbili! Bomba la eksozi! Hasira ikanipanda mpaka utosini, nikafungua mdomo. Ndipo nikamwona usoni. Mzee wa watu alikuwa akingoja nimshukuru.

"Mwanangu ndiye atakayepanda hii," akasema.

Nikafunga mdomo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Usiwashe mpaka uyatoe," Mmanga akasema simuni. "Bomba likishika moto utaoa hospitali. Maji ya sabuni na kitambaa, basi."

Kwenye nyumba ya kando ya barabara akatoka bibi mmoja, Bi Siti, na ndoo na sabuni ya unga, na alipojua bwana harusi ndiye mimi akapiga vigelegele peke yake barabarani. Kitambaa hatukuwa nacho. Mzee Safari akavua kilemba chake kipya, akakirarua katikati, kipande changu, kipande chake. Tukasugua.

"Miaka hamsini n'napaka," akasema, "leo ndiyo n'natoa!" Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Tukawasha, tukanusa. Hamna kitu. Nikaikanyaga mpaka Shumba.

Shehe tulimkuta amekwishavaa viatu. Akavivua. Mzee Safari, kichwa wazi, akanishika mkono mbele ya watu, akaniozesha mwanawe. Nikakubali haraka, asije mtu akabadilisha mawazo.

Kisha nikaingia ndani kumpa mkono bibi harusi. Chumba kimejaa moshi wa udi, na mikono yangu nilikwishaiosha mara tatu. Ruweida alikuwa ameinama, amejifunika mtandio. Nikampa mkono, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua ni ile harufu.

Akainua uso. Analia, anacheka, vyote pamoja.

"Walinambia Baba kaja, sikuamini," akasema. "Kaja, na gari kaipaka!"

"Umejuaje?"

"Harufu hii naijua. Baiskeli yangu ya skuli aliipaka hivi hivi. Mpaka kiti."

Akakishika kiganja changu kwa mikono miwili, akakiweka shavuni, na mashangazi wote wakangoja.