Sharti la Kabale

Vijana wa siku hizi ukiwatajia ndoa hukimbia. Hilo Mishi wa Mambrui alilijua, na ndilo alilolitegemea siku Amjad alipokuja kumwambia kwamba yeye na Sahla wanataka kuzunguka nchi za jirani, miezi minane, kwa miguu na kwa malori ya kuomba lifti, na begi mgongoni.

"Kuzunguka na nani?" Mishi aliuliza, mguu wake ukiwa bado juu ya kanyagio la cherehani.

"Na Sahla, mama. Uganda, Rwanda, Burundi, tushukie Tanzania, turudi na Tanga. Nitakuwa narekodi video njia nzima. Nina watu elfu thelathini wanifuatao kwenye simu."

"Na Sahla ni nani wako?"

Amjad akakuna kichwa. Alikuwa kijana wa Malindi mjini, kazi yake kuwatembeza wageni, mpole wa maneno, ndevu zimechongwa vizuri. Sahla, binti wa pekee wa Mishi, miaka ishirini na mbili, alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama kuku.

"Wamtaka mwanangu aandamane nawe, muoe," Mishi akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Usipomuoa, hilo begi lako libebe peke yako."

Akageukia nguo yake. Alingoja kusikia "haya mama, tutaonana", kisha viatu vikishuka ngazi, kisha kilio cha Sahla cha siku mbili tatu, kisha maisha yaendelee.

"Leo au Ijumaa?" Amjad akauliza.

Mama wenzangu mliozaa mabinti, hapo ndipo Mishi alipokosea mara ya kwanza. Neno lake lilikuwa "hapana", lakini aliona haya kulisema wazi, akalivika nguo ya "ndiyo" akidhani mwenzake ataogopa. Sasa angerudi nyuma vipi? Kache, jirani yake, alikuwa amesikia yote akiwa uani kwake. Na Ami Omar, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye walii wa Sahla, wa kumwozesha, alipoambiwa alifurahi akainua mikono.

"Shemeji, mshukuru Mungu. Wangapi wanaondoka na wasichana wa watu bila hata kubisha hodi? Huyu kaja mwenyewe."

Ijumaa nikaha ikasomwa. Jumatatu Mishi akakaa kwenye cherehani, akachana mto wa zamani, akatoa sponji akashonea ndani ya mikanda ya begi la Sahla isije ikamkata mabega. Alishona huku akilia, na Sahla akimcheka. "Mama, siendi Hija! Naenda kutembea na mume wangu."

Wiki za kwanza zilikuwa tamu, hilo halikataliki. Sahla alituma ujumbe wa sauti kutoka Busia, kutoka Jinja, kutoka Kampala, sauti imejaa upepo na magari. Mishi alikuwa na maswali yake matatu: umekula nini, umeoga wapi, umeswali? Baada ya hapo ndipo alipouliza habari za nchi. Video nazo zilikuja kwa simu ya Amjad, na Mishi akizitazama pamoja na Kache, wamekaa kwenye mkeka, vichwa vimegusana.

"Hebu rudisha hapo," Kache alisema siku moja. "Mbona kila siku ni mwanao apigiliaye vigingi vya hema? Na kuni ni yeye. Na maji ni yeye. Huyu mkweo mikono yake iko wapi?"

"Yashika simu," Mishi akajibu.

Wakacheka mpaka Kache akajifuta machozi kwa leso. Mishi alicheka pia, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi wa tatu Sahla akasema ana mimba. Mishi alisujudu palepale. Alijua sasa watarudi, maana mwenye mimba halali kwenye hema. Akampigia Amjad kumpongeza na kumwuliza waja lini.

"Tutamaliza safari kwanza, mama. Imebaki miezi mitano tu. Mimba ni miezi tisa, hesabu yatosha kabisa."

Alisema hivyo akicheka, na Mishi, kwa adabu ya mkwe, akacheka naye.

Halafu ikaja Kabale.

Kabale ni mji wa Uganda karibu na mpaka wa Rwanda, ni wa milima, na baridi yake Sahla alisema ni ya kuingia kwenye meno. Mvua ilikuwa imewanyeshea siku nne. Siku hiyo, asubuhi ya saa nne, simu ya Mishi ililia. Kache alikuwa pale kando yake akipukuchua kunde.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula nini?"

"Mama, naumwa. Nina homa tangu juzi, na leo nimeona damu. Kidogo, lakini ni damu. Nimemwambia Amjad nataka kurudi. Amesema nikipanda basi la kurudi, nimeachika."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. 'Ukipanda basi la kurudi Kenya, talaka yako hiyo.' Mwenye nyumba ya wageni pia amesikia."

"Kwani ulimkera nini?"

Ndilo swali la kwanza lililomtoka. Mtoto anasema damu, mama anauliza umemkera nini.

"Nilimwambia naumwa," Sahla akasema. "Mama, niko kituoni. Basi laondoka saa sita, na nauli ninayo. Yeye kabaki anapanga begi lake. Nirudi au nisirudi?"

Kache hakungoja aulizwe. "Mwambie apande! Kwani talaka yauma kuliko tumbo? Mwambie apande aje, mimi nitampokea Malindi."

Mishi akaziba simu kwa kiganja. Hakumtazama Kache. Alikuwa akimwona dadake mkubwa, aliyerudishwa kwao akiwa na miaka ishirini na moja, akakaa chumba cha uani miaka kumi na mitano. Watu hawakumwita kwa jina lake tena. Walimwita "yule aliyerudi", na wa kwanza kumwita hivyo, wakiwa bado wasichana, alikuwa Mishi mwenyewe, kwa utani. Akamwona na Ami Omar akija na kanzu yake kuuliza ndoa gani hii ya miezi mitatu. Akawaona wateja wake wa madera, jinsi wangepima nguo huku wakimtupia maneno. Yote hayo aliyaona kwa dakika moja. Tumbo la mwanawe hakuliona, kwa sababu lilikuwa mbali.

Akaondoa kiganja.

"Vumilia, mwanangu. Hasira za mwanamume ni za saa moja. Unywe dawa, mpumzike hapo, atapoa. Usipande hilo basi."

Upande wa pili ilisikika honi, na mtu akiita abiria wa Kampala kwa sauti kubwa.

"Haya, mama," Sahla akasema.

Kache alizikusanya kunde zake, zilizopukuchuliwa na zisizopukuchuliwa, akazitia zote kwenye ungo mmoja akaenda zake bila kuaga.

Wakavuka kuingia Rwanda. Mpaka wa Burundi waliukuta umefungwa, wakazunguka na Rusumo, wakaingia Tanzania, wakateremka Ngara na Kibondo kwa malori ya mahindi. Ujumbe wa sauti ulikatika. Sahla sasa aliandika, neno moja au mawili: mzima, tumefika, mvua. Mishi aliyasoma hayo maneno kama dua, mara tatu tatu, akijiambia kwamba ameshauri vizuri, mbona ndoa bado ipo? Damu haikutajwa tena, naye hakuiuliza. Alimwuliza amekula nini.

Walipofika Kigoma aliyepiga simu ni Amjad.

"Mama, imekuwa bahati mbaya. Mtoto ametoka. Alikuwa wa kiume."

Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mkunga mmoja mtu mzima wa Ujiji ndiye aliyemkuta Sahla ameinama kando ya barabara, begi mgongoni, akampeleka kwake, na watu wa nyumba yake ndio waliomzika yule mtoto. Mishi alilia mpaka sauti ikakauka. Akaomba apewe azungumze na Sahla. Akaambiwa amelala. Kesho yake akaambiwa amelala. Siku ya tatu akaelewa kwamba si usingizi.

Amjad alingoja siku tisa. Kisha akaondoka, kwa sababu alikuwa amewaahidi watu wake wa kwenye simu kwamba mwisho wa mwezi ataingia Malindi. Alisema mkewe atafuata akipata nguvu. Na kweli mwisho wa mwezi aliingia. Vijana wenziwe walimlaki na tuktuk saba, honi toka mwanzo wa mji mpaka sokoni, na video ile ilitazamwa na watu wengi kuliko zote. Wengi hawakuuliza mbona ameingia peke yake. Aliyeuliza alijibiwa kwamba mke amepumzika kidogo Kigoma, kuna ziwa zuri.

Mishi alipiga simu Ujiji kila siku. Mkunga alipokea, akamsalimu vizuri, akamwambia Sahla anakula, anatembea, ameanza kumsaidia kushona vitambaa vya watoto. Sahla mwenyewe hakushika simu. Wiki sita zikapita hivyo. Mishi alitaka jambo moja tu duniani: mwanawe arudi aingie mlango ule. Usiku na mchana alikuwa akipanga atamwambia nini.

Jumapili moja baada ya Alasiri, Bi Hafswa, shangazi yake Amjad, alifika na wanawake wawili wa kwao, wamevaa mabuibui mapya, wamebeba boksi la halua. Mishi aliwakaribisha ukumbini, akawawekea visheti, akawamiminia kahawa.

"Mkwe wetu, tumekuja kwa kheri," Bi Hafswa akaanza. "Lile neno la Kabale tumelisikia, na Amjad mwenyewe amejuta, alikuwa na hasira za safari. Lakini tushukuru, binti yako ni mtiifu. Sharti lilikuwa asipande basi la kurudi, na hakupanda. Mke bado ni wake. Amjad atatuma mtu Kigoma amlete kwa heshima zake mpaka nyumbani kwake. Ni wewe tu umwambie, maana tumesikia anakusikiliza sana."

"Malezi hayo!" mmoja wa wanawake akasema. "Wengine wangepanda zamani."

Mishi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, aliyapanga wiki sita. Alitaka kuwauliza kama wanajua yule mtoto alizikwa na nani. Badala yake akasema, "Karibuni visheti, ni vya leo leo."

Hapo simu ikalia. Ilikuwa namba ya Ujiji. Mishi aliinuka, akaingia chumbani, akarudishia mlango.

"Shikamoo mama."

Ni Sahla. Ile sauti, ambayo tangu Kabale hakuisikia.

"Marahaba, marahaba mama yangu. Umek..."

"Nimekula, mama. Sikiliza. Kesho kuna basi. Nataka kuja nyumbani. Nataka nije kwa miguu yangu, si kwa kuletwa. Nikipanda nitakuwa nimeachika, na ndivyo nitakavyo. Nitaingia Mambrui mchana, watu waone. Eda yangu nitakaa kwako. Nimepiga kukuuliza: utasimama mlangoni unipokee, na mtu akija kunidai umjibu wewe?"

Jibu la swali hilo ni neno moja, na mama yeyote asomaye hapa amekwisha kulisema. Mishi naye alikuwa nalo. Lakini mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa, na huko ukumbini maongezi yalikuwa yamenyamaza.

"Mwanangu, sema polepole," akanong'ona. "Kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Wa... wamekuja tu kutusalimu."

"Wageni gani, mama?"

"Watu wa Amjad. Bi Hafswa."

Alisikia mwanawe akivuta pumzi, na nyuma yake sauti ya mtoto mchanga wa mtu, na mkunga akimbembeleza.

"Wanataka nini?"

"Wanasema wewe bado mke wao."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Sijawajibu mwanangu, sijawajibu lolote, wallahi."

"Umewapa nini?"

Mishi alitazama mikono yake. Ilikuwa na mafuta ya visheti.

"Kahawa," akasema.

Sahla hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alisema, kwa upole wa mtu anayeagana na jirani, "Haya mama. Mimi niko huku kwa mkunga. Kazi ninayo, na mwanangu yuko karibu. Usinitumie mtu."

"Sahla, ngoja kwanza, wakishaondoka nitaku..."

Simu ilikuwa imekatika. Akapiga, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena, haikuita.

Alikaa juu ya kitanda kiasi cha mtu kusoma Fatiha tatu. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso, akatengeneza mtandio, akatoka. Wale wanawake watatu walimtazama kwa pamoja.

"Alikuwa ni yeye?" Bi Hafswa akauliza. "Anasemaje?"

"Anawasalimu," Mishi akasema, akachukua birika, akawaongeza kahawa.