Aliyelala Kwenye Kiganja

1.
Nakutegea kitendawili wewe uliyeketi hapo. Nilikibeba kwa kiganja kimoja. Leo kikinikalia mapajani naomba msaada. Ni nini?

Usijibu kwanza.

2. TANGAZO, MLANGONI KWA DAKTARI
Mzazi unayemleta mtoto kupimwa presha, uwe tayari kutaja uzito aliozaliwa nao.

3.
Mjukuu wangu Tusajigwe ana miaka tisa. Jana alianguka shuleni kwenye mbio za mchakamchaka. Leo daktari kampima presha, akampima tena mkono wa pili. Ndipo akamuuliza Sekela, mke wa mwanangu, mtoto alizaliwa na kilo ngapi.

Sekela akasema tatu.

Tatu.

Nikatazama viatu vyangu.

4.
Daktari alisema aliyezaliwa mdogo sana, mara nyingine figo na mishipa yake navyo huwa vidogo. Akinenepeshwa harakaharaka, moyo unabebeshwa mzigo. Si watoto wote, alisema. Ila lazima ajue aanzie wapi kutafuta. Kama kweli ni kilo tatu, basi atafute kwingine, na huko kwingine akichelewa…

5. Wageni, miaka tisa iliyopita, siku tulipotoka wodini na kichanga. Nilikuwa jikoni namenya ndizi:

— Huyo mtoto au kifaranga?
— Mfunike, mama, atapeperuka.

Wakacheka. Tangu hapo Sekela alimviringisha kanga nne kabla mgeni hajaingia. Anayeuliza anaambiwa kilo tatu. Uji ukatiwa siagi, karanga, sukari, na sukari tena, hadi mashavu yakajaa na wacheshi wakakosa la kusema.

6. Tusajigwe:

Moyo wangu unagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Bibi amenishika mkono. Mama hanitazami. Kwani nimefanya nini?

7.
Daktari akaweka kalamu chini, akauliza tena, taratibu. Ningeweza kujibu mimi. Lakini si mimi niliyezaa, wala si mimi niliyechekwa. Nikamngoja.

Feni ilizunguka.

Tusajigwe akamgeukia mama yake.

"Mama, nilikuwa mdogo?"

8.
Sekela alifungua kifungo cha juu cha blauzi. Akaweka kiganja kifuani, pale alipomlaza zamani ngozi kwa ngozi, mvua yote ya masika, akiogopa hata kukohoa.

"Kilo moja na nusu," alisema.

Akateremsha kidole cha mkono wa pili, kidogo tu, chini ya kiganja.

"Miguu yako ilikuwa inaishia hapa."