Vilimi vya Auleria

Jumamosi saa nne asubuhi, Auleria alikuwa Keko, nyuma ya karakana ya sofa ya kaka yake, akichagua vilimi vya klarineti. Kilimi ni kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kinywa cha chombo. Kikigoma kutetema, hata mwenye mapafu ya ng'ombe atatoa mlio wa bata. Kila kimoja Auleria alikilowesha kwenye glasi ya maji, akakiinua juani kutazama nyuzi zake, akakikwangua kidogo kwa msasa. Kisha alikipuliza taratibu, siku saba, ndipo akampa mtu. Temeke nzima hakuna aliyemfikia.

Sadallah, kiongozi wa kikundi cha matarumbeta, akaingia na koti lake jekundu la sare ya kikundi begani.

"Da Auleria, leo nipe namba nne, kile kigumu. Sie wanaume hatupulizi vitu laini."

"Kinywa cha klarineti yako kina uwazi mpana, halafu wewe unapuliza kama unajaza tairi la fuso. Na kilimi kigumu utazimia bibi harusi hajashuka garini."

"Nne!"

Auleria akampa kisogo, akachukua cha mbili na nusu, akafuta namba, akaandika nne. Ndivyo alivyowatibu wote.

"Na mie koti nitavaa lini?" Swali hilo lilikuwa na miaka sita.

"Saizi yako haipo, sista."

Saa tisa, harusini Mbezi Beach, klarineti ya Sadallah ililia mpaka mashangazi wakavua viatu. Ilikuwa pumzi ya Auleria. Siku saba zilitosha. Pumzi ilishahamia kwenye kilimi, na kila alipopumua kule Keko, wimbo ulitoka huku. Sadallah alivimbisha mashavu tu na kutikisa mabega.

Saa tisa na nusu klarineti ikanyamaza. Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Ndugu wageni, tuvumiliane. Auleria anakula mihogo."

Wageni wakaketi. Shangazi mmoja akauliza kama kuna aliyempelekea maji, maana mihogo hukaba. Klarineti ikarudi na kwikwi mbili, watu wakazicheza hizo hizo. Mwishoni Sadallah akavishwa shada la maua.

Jumatatu akaja Keko na wenzake. Mmoja alishika mfuko wa fundi cherehani. Auleria akasimama, akajipangusa vumbi la msasa. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti la Sadallah, limepanuliwa kifuani limtoshe mwenyewe baada ya zile sifa.

"Tumekaa kikao," Sadallah akasema, "na tumekubaliana wote. Siku za harusi uwe unakula mapema."

Jumamosi iliyofuata Auleria alikula saa tano. Ilipofika saa tisa aliketi kwenye benchi pale Keko, mgongo wima, akavuta pumzi kwa ustadi ule ule. Kule Kijichi, bwana harusi akaanza kucheza, na ukumbi mzima ukampigia Sadallah makofi.