Kengele ya Saa Kumi na Mbili

Mwaka wa 1969 nilikuwa mhudumu wa wodi ya akina mama katika hospitali moja kule mlimani, Nairobi. Kusugua sakafu, kubeba beseni, kuosha wasiojiweza, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Na kila jioni, saa kumi na mbili kamili, nilipiga kengele ya kuwatoa wageni. Ilikuwa kengele ya shaba, ya mkononi, na niseme ukweli, niliipenda. Mimi Selpher, mtu wa Bunyore, niliyefokewa hata na mwenye nyumba wangu kule Uthiru, niliitikisa kengele hiyo na wanaume wenye suti wakasimama wakatoka.

Sikuwa na mchezo. Aliyejikokota nilimfuata na ufagio, na aliyeuliza kwa nini, sikumjibu.

Mwanasiti aliletwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi. Homa aliyougua alipokuwa mdogo ilikuwa imemharibia moyo, akawa hawezi kulala chali. Mchana na usiku aliketi ameegemea mito mitatu. Kadi yake iliandikwa miaka kumi na minne. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alijifunga mtandio kama mama mwenye nyumba yake. Baba yake, Maalim Shee, alifundisha Kurani karibu na msikiti wa mjini. Mama yake, Khamisa, ndiye aliyekuja kila siku saa kumi na kikapu chake. Walikuwa watu wa Lamu. Siku ya kwanza yule msichana aliponiamkia shikamoo, niligeuka nyuma nione anamwamkia nani, maana pale wodini wengi waliniita wewe wa ufagio.

Jioni ile ya kwanza Khamisa aliniomba alale sakafuni kando ya mwanawe. Alikuwa amekuja na mkeka wake. Nikamwambia, "Mama, hapa si hoteli. Kengele imelia, wewe toka."

Ghorofa ya chini, katika wodi ya watoto, akina mama walilala na watoto wao. Sheria iliruhusu, mradi mtoto awe na miaka kumi na miwili au chini yake. Nilijua hivyo vizuri sana, lakini Khamisa sikumweleza. Nilijiambia kwamba kueleza ni kazi ya wengine.

Kengele ilipolia, Mwanasiti hakulia kamwe. Aliuweka sawa mtandio wake, akamwambia mama yake aende tu, yeye si mtoto. Kisha alitazama dirishani mpaka buibui la mama yake likapotelea langoni, akajifunika shuka usoni. Nilimwona akifanya hivyo wiki mbili nzima. Nikadhani ni baridi.

Jumatano moja asubuhi nilikuwa nikimlisha uji akasita, akatia vidole mdomoni, akatoa jino. Lilikuwa gego dogo, mizizi yake imelika. Nimelea wadogo zangu wanne na meno ya utoto nayajua. Nikaweka bakuli chini nikamuuliza ana miaka mingapi hasa.

Akanishika mkono. "Kumi na miwili," akasema. "Usimwambie mtu, mama Selpher. Watanipeleka kwa watoto wachanga."

Hapo akanieleza yote. Siku ya kupokelewa, mama yake alikuwa bado anahangaika na mizigo, karani akamuuliza yeye mwenyewe umri wake, akamwonyesha na mlango wanakopelekwa wa kumi na miwili kushuka chini. Mlango ulikuwa wazi. Akaona vitanda vya chuma vyenye vizuizi pande zote, na watoto uchi wakilia ndani yake. Akajiona yeye humo, na miguu yake mirefu. Basi akasema kumi na minne, karani akaandika. Mama yake hakujua kusoma, na kule kufukuzwa kila jioni alidhani ndiyo desturi ya hospitali.

Nilimwahidi nitanyamaza. Jino nililifunga katika kitambaa cha dawa nikalitia mfukoni mwa aproni. Nilifurahi, sifichi. Mtoto mwenye adabu zile kuniamini mimi na siri yake, nilijiona mtu. Tena nilidhani atapona aende kwao, na umri wake utamhusu nani.

Jumatano jioni nikapiga kengele. Alhamisi nikapiga. Ijumaa pia.

Jumamosi daktari alipomaliza kuwapitia wagonjwa alisimama na Sista Wanjira, mkuu wa wodi yetu, kando ya kabati la shuka. Mimi nilikuwa pale pale nikikunja shuka. Mbele ya mtu wa ufagio hawapunguzi sauti. Daktari alisema moyo wa Mwanasiti umekwisha na hakuna dawa ya kuurudisha. Zimebaki siku chache, zikizidi sana ni wiki. Sista akasema baba yake ameshaambiwa.

Nilikwenda chumba cha kuoshea mabeseni nikafunga mlango, nikafungulia bomba, nikalia. Nikisema, mtoto atanichukia. Nikinyamaza, siku moja katika hizo nitapiga kengele, nitamtoa mama yake kwa mkono wangu, naye atakufa peke yake amejifunika shuka usoni. Nililia mpaka maji ya bomba yakafurika, kisha nikapiga moyo konde, nikaenda nikaliweka jino juu ya meza ya Sista.

Sista Wanjira alilitazama jino, akanitazama mimi, nikamweleza. Akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema Jumatano.

"Jioni tatu, Selpher," akasema.

Heri angenipiga kofi.

Siku hiyo hiyo, kabla ya saa ya wageni, Mwanasiti alihamishwa. Mimi ndiye niliyesukuma kitanda chake. Tulipofika kwenye ule mlango akageuza shingo akanitazama. "Ulisema utanyamaza," akasema. Nikamwambia nimefanya hivyo ili mama yake alale naye. Akaugeukia ukuta. Sista alikuwa ameshapigana na watu wa kule chini mpaka akapewa kitanda cha kawaida karibu na dirisha, kisicho na vizuizi. Hata hicho hakukitazama.

Kila siku, nikishapiga kengele na kuvua aproni, nilishuka kumwona kabla ya kwenda kungojea basi. Akisikia tu hatua zangu alifumba macho. Khamisa, ameketi juu ya mkeka wake, aliniambia kwa upole, "Amelala, dada." Sote wawili tulijua hajalala. Nilisimama kidogo nikaenda zangu, na njia nzima mpaka Uthiru sikuona kitu.

Alifariki Alhamisi mchana. Nilipoambiwa niliacha ndoo katikati ya ukumbi nikashuka mbio. Maalim Shee na wenzake walikuwa wameshamchukua kwenda kumwosha na kumzika. Khamisa alikuwa amebaki kukusanya vitu, mkeka ameukunja. Nilimpa lile jino, maana Sista alikuwa amenirudishia, akalifunga kwenye pindo la leso yake. Kisha nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu sheria ambayo sikumweleza, siri niliyoificha, na zile jioni tatu. Nilisimama nikingoja anilaani.

Aliweka mkono juu ya lile fundo.

"Kila jioni kengele yako ikilia huko juu," akasema, "alikuwa akinishika mkono, anacheka. Akaniambia, mwache apige mpaka achoke, mama, leo huendi popote."

Nilirudi juu. Saa kumi na mbili ilifika, wageni wakaanza kunitupia jicho, wengine wameshainuka. Nikaichukua kengele nikapiga. Wageni wote walitoka na mimi bado napiga. Wagonjwa waliketi vitandani wakinitazama, na nilipiga mpaka Sista Wanjira akaja akaitoa mkononi mwangu.