Mgongo wa Baba Haika

Nafumba macho kidogo tu. Nimelala chali kwenye majani mafupi juu ya kilima, kofia ngumu ya baiskeli iko tumboni, mwili wote unauma, na pembeni yangu mume wangu Baba Haika anamimina chai huku akilalamika kwamba Waingereza wameijenga nchi yao wima badala ya kuilaza. Binti yetu Haika, ambaye ni muuguzi huku, ndiye aliyetukodia hii baiskeli ya watu wawili na kutuchagulia njia ya vilimani, akasema wazazi wangu mmezeekea dukani, nendeni mkaone dunia. Mimi tangu mwanzo sikuipenda. Wa mbele anashika usukani, breki na gia. Wa nyuma anakanyaga pedeli na kutazama mgongo. Mtu nina duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, nimezoea kumtazama mteja machoni kabla sijampa hata msumari, leo naambiwa niamini mgongo. Haya, nilipanda, kwa sababu mgongo wenyewe ni wa Baba Haika. Nasikia chai ikimiminika. Inamiminika, inazidi kumiminika, na sasa si chai tena, ni cheni ya baiskeli inazunguka chini yangu, nami niko kwenye siti ya nyuma, miguu inakanyaga, na sikumbuki kupanda.

Hapo hapo naingiwa na shaka. Mtu hapandi baiskeli bila kujua kwamba amepanda. Mbele yangu kuna mgongo wenye koti la mvua la bluu, kofia ya koti imevutwa juu, na njia ni nyembamba, imezama katikati ya kuta za vichaka virefu kiasi kwamba mbingu nayo imebaki njia nyembamba. Inapanda, inapinda, ikishapinda inapanda tena, na kila nikidhani kilele ndicho hiki, kumbe kilele kimesogea. Kondoo wanatuchungulia juu ya kuta za mawe, wote vichwa upande mmoja, kama waliotangulia kuambiwa kitu. Baba Haika, naita. Kimya. Huyu mtu hunitangazia barabara nzima, shimo hilo mama, tuta hilo mama, shikilia. Leo mashimo yananipata bila taarifa. Basi namjaribu. Yeye ni Mpare wa Usangi na mimi ni Mchaga wa Machame, tulikuwa watani kabla ya kuwa mume na mke, na miaka yote ya ndoa hajawahi kuacha utani wangu upite bila kuujibu. Hata siku tunamzika mama yangu, watu wanalia, yeye alisimama mbele ya jeneza akasema hili kubwa mno, Wachaga mmeficha bia humu, fungueni tukague. Nilicheka huku machozi yananitoka, na ndiyo sababu niliimaliza siku ile nikiwa nimesimama. Kwa hiyo nauambia mgongo: We Mpare, punguza mwendo, au unawahi mahakamani kushitaki kuku wa jirani? Haujibu. Naongeza: Nyinyi mnaokula ugali huku mnanusa samaki aliyening'inizwa darini! Hakuna kitu. Pedeli tu, juu chini, juu chini. Sasa najua kwamba huyu si mume wangu.

Tunateremka ghafla mpaka machozi yananitoka kwa upepo, tunaingia kijijini. Kanisa la mawe kushoto, posta kulia, kibanda chekundu cha simu, bata watatu kwenye kijito, na kibao kinasema Wendlow. Tunapita, tunapanda kilima kingine, tunateremka upande wa pili, na ni kijiji kile kile, ila kanisa liko kulia, posta kushoto, na jina kwenye kibao limeandikwa kinyumenyume. Loo! Nani anajenga kijiji mara mbili? Kwenye daraja tunapishana na baiskeli nyingine ya watu wawili. Aliye nyuma ni mwanamke mwenye umri wangu, kilemba changu, na ananitazama kwa jicho la kunishuku ambalo naliona kila asubuhi kwenye kioo. Namchungulia mtu wake wa mbele nimwone uso, naye anamchungulia wangu, lakini wa mbele wote wawili wameinamia usukani. Tunapitana bila salamu. Kisha ni kilima tena, kirefu kuliko vyote, na juu yake njia panda, na hapo baiskeli inasimama. Wa mbele anaweka mguu chini, anauinamia usukani, mabega yanapanda na kushuka. Naona kama anacheka. Nashuka haraka, nasogea mbali naye.

Chini ya nguzo ya vibao ameketi mtu mwenye fulana ya manjano ya kung'aa, ramani magotini. Ananyanyua kichwa na uso haupo, ni laini kama yai. Miguu inataka kukimbia, lakini nikimbilie wapi? Shikamoo, nasema, maana hata asiye na uso anaweza kuwa na umri. Marahaba, anaitikia, kwa Kiswahili safi, na usafi wenyewe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Namuuliza njia ipi inarudi nilikotoka. Anasema, ile inayopanda ukienda na kupanda ukirudi. Nasema, za huku zote ziko hivyo. Anasema, basi ni zote. Baba, namwambia, mimi si wa kuchezewa. Yule aliyekaa mbele ya baiskeli yangu si mume wangu. Mimi namtaka mume wangu, na hapa siondoki bila yeye. Anaikunja ramani polepole. Kitendawili, anasema. Na mdomo wangu mjinga, uliofunzwa na bibi jikoni, unajibu kabla sijauziba: Tega. Anatega: Natembea naye kutwa, nakwenda anakokwenda, uso wake siuoni. Nafikiri. Naona mtego kila upande. Nasema, kivuli. Anatikisa lile yai. Nasema, upepo. Hapana. Nipe mji, anasema. Sasa hapa aliyecheza vitendawili utotoni anajua, ukishindwa unatoa mji, na hutoi mji wako. Tulikuwa tunatoa Mombasa, tunatoa Dar es Salaam, tunatoa Ulaya nzima, na asubuhi miji yote iko mahali pake. Machame sitoi, huko amelala mama yangu. Na kwa kuwa nina hasira na ule mgongo ulioninyima jibu, natoa kwa utani tu, kwa mazoea: Chukua Usangi, na Wapare wake wote.

Mtu yule anashusha pumzi kama aliyeshiba. Nimekwenda Usangi, anasema, nimepanda milima yake, nimekula makande yake, nimeingia kila nyumba, nimemchukua kila aliyezaliwa humo. Na jibu lako ni mwenzio wa mbele, kwenye baiskeli ya watu wawili. Nageuka. Baiskeli imeshaanza kuteremka njia ya kushoto, siti ya nyuma tupu, na kutoka ndani ya kofia ya bluu inakuja sauti ninayoijua kuliko yangu: Mchaga mwenye haraka wee! Ulitaka nikujibu kwa pumzi ya nani? Nimekuvuta kilima kizima, mzito kama umeshona sarafu kwenye pindo la gauni! Ngoja nifike chini niangushe shilingi barabarani, hata ukiwa umekufa utafufuka uje! Anacheka. Mungu wangu, ni yeye. Ni yeye tangu mwanzo, alikuwa anahema tu, masikini, alikuwa anatafuta pumzi. Namrukia mtu wa ramani, rudisha, nilikuwa natania! Anasema, mji ukishatolewa umetolewa. Nakimbia. Baba Haika, shika breki! Yeye anateremka, anacheka, hageuki, hajui kwamba nimemgawa, na njia inapinda, inazama kati ya vichaka, na kicheko kinapungua, nami nakimbia na kilima kinarefuka chini ya miguu yangu.

Mkono unanitikisa bega taratibu. Amka, mke wangu. Niko juu ya kilima, kwenye majani, kofia ngumu tumboni, na chai bado inatoa mvuke. Aliyeniinamia ni Baba Haika, na uso wake upo, kovu la kwenye nyusi lipo, jino lililopanda mwenzake lipo. Naushika uso huo kwa mikono miwili, nalia kwa furaha bila aibu. Kisha namwambia, huku nacheka: We Mpare, umeniamsha mapema, au chai ikipoa utanipeleka mahakamani unidai fidia? Ananifuta machozi kwa kidole. Pole, anasema, umeota ndoto mbaya. Nangoja. Najua yaliyobaki yanakuja, huwa anayaandaa kwanza mdomoni. Hayaji. Nijibu basi, mtu wa Usangi, namwambia. Usangi ni wapi? anauliza. Namtazama machoni, nangoja acheke, naye ananitazama kwa upole mwingi. Kwani wewe kwenu wapi? nauliza. Anafikiri kidogo, anavitazama vilima, ananirudia. Kwetu ni pale ulipo wewe, mke wangu, anasema, na ananinyooshea kikombe. Ni jibu zuri mno, na Baba Haika asingelisema hata kwa kuchapwa. Sijui kama nimeamka au nimelala zaidi. Nasimama, chai siigusi, naishika kwa miguu njia ya kushoto, kama ile aliyoteremkia ndotoni, na kuanza kuteremka huku naita, Baba Haika! Baba Haika! Nyuma yangu kila nikiita sauti yake inaitikia, nipo hapa, nipo hapa mke wangu. Nazidisha kuita, nisiisikie hiyo, niisikie ile nyingine.