Gauni la Mtungi

Kumkagua mama mkwe ni mtihani usioombewa mtu. Mkaguzi wa mitungi ya kuzimia moto alikuwa amemaliza mtaa mzima, akakibakiza kiwanda kidogo cha ushonaji cha mama mkwe wake kwa makusudi, akijipa moyo kwamba huenda angekuta kimefungwa. Wapi! Mkewe, mjamzito, alikuwa ananyoosha suruali kwa pasi, vipande vya vitambaa vimemjaa miguuni.

Mtungi ulikuwa pale pale alipoutundika marehemu baba mkwe, umevalishwa gauni jekundu la mahameli lenye marinda. Mama alilishona mwenyewe baada ya msiba, vumbi lisiuguse.

"Naomba kuuvua, mama."

"Uvue, baba. Lakini huo hauna neno. Tangu marehemu aulete haujatumika hata siku moja. Mpya kabisa!"

Mkaguzi akalifunua gauni. Mshale unaoonyesha nguvu ya mtungi ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu ya kuishiwa. Kulisema hilo kulikuwa kama kumzika mzee mara ya pili. Angeweza kubandika stika ya ukaguzi akaenda zake, nani angejua? Akamtazama mkewe, akaitazama ile pasi inayofuka mvuke. Ile haya ikamtoka yote.

Akautoa mtungi nje, akachomoa pini. "Bonyeza, mama."

Mama akabonyeza. Mtungi ukashusha pumzi kidogo, basi. Akabonyeza tena kwa mikono miwili, akang'ang'ania, mpaka binti yake akatoka kumshika bega.

"Miaka yote hii," mama alisema taratibu, machozi yakimlengalenga, "nalala usingizi wangu nikijua ametuachia mlinzi."

"Alituachia kweli, mama," mkaguzi akajibu. "Ila nguvu ya mtungi hupungua hata usipotumika. Ulitakiwa kukaguliwa kila mwaka."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Basi andika nimefeli. Usinionee haya, mwanangu. Mkeo hushinda humo ndani."

Mkaguzi aliporudi kufunga mtungi mpya, alijiandaa kulikataza lile gauni kwa maneno laini. Akalikuta mezani, limefumuliwa. Mama alikuwa ameshalikata, miwani puani, anapinda ukingo wa kikofia kisichozidi ngumi.

"Huo uache uchi, kila mtu auone mshale wake," alisema bila kuinua kichwa. "Wa kuvalishwa yuko njiani."