Msumeno Uliobanwa

Mzee Mfaume, fundi vyuma mstaafu wa Kibiti, hakuwahi kukosa hadithi. Shafti, chuma kinachozungusha pangaboi, ya boti ya Sabra, anayevusha wajawazito kutoka visiwani, ilipopinda kwenye kisiki cha mkoko, alitangaza kuwa kiboko aliipigia chafya. Akainyoosha kwa nyundo asubuhi moja, bila moto.

Si kawaida yake. Chuma kilichopinda hukipasha mpaka kiwe chekundu, akakizika kwenye majivu ya pumba za mpunga, kikapoa taratibu. Lakini siku ile kulikuwa na maulidi Mahege, na pilau ilishaanza kunukia. Sabra alipouliza kama ilipoozwa vizuri, akajibiwa, "Imelala kwenye pumba siku mbili, mwanangu. Mpaka inakoroma."

Wiki nzima uongo huo ulimsumbua Mfaume. Leo akaokota kipande alichopunguza kwenye ncha ya ile shafti, akachora mistari miwili kwa sindano, akapima kati yake: milimita ishirini. Akakipasua kwa msumeno, kwa urefu, katikati ya mistari. Hajafika nusu, chuma kikabana msumeno. Akapima tena: kumi na tisa na nusu. Kwa nje kimenyooka, ndani bado kimejikaza. Siku yoyote shafti ile itakatika.

Akadandia bodaboda mpaka gati la Nyamisati, kipande mkononi, msumeno umo humo. Sabra alikuwa botini, tayari kumfuata Muzdalifa, mjamzito wa kisiwani, uchungu umeshamwanza.

"Usiwashe injini!" Mfaume akapaza sauti.

"Kiboko kapiga chafya tena, mzee?"

Gati zima likacheka.

"Shafti haikulala kwenye pumba hata dakika. Nilikwenda kula pilau, nikakudanganya."

Wakacheka zaidi. "Leo kaleta ya pilau!" akasema Haruna, mwenye boti ya jirani.

Mfaume akamnyooshea Sabra kile kipande. "Chomoa msumeno."

Sabra akavuta. Akakikanyaga kipande, akavuta kwa mikono miwili. Msumeno haukutoka, naye akaacha kucheka.

"Hiki ni cha shafti yangu?"

"Ni chake."

"Na wajawazito wote niliowavusha wiki hii?"

Sabra hakungoja jibu.

"Haruna, mfuate Muzdalifa wewe!" Kisha akamgeukia Mfaume. "Na shafti ya Haruna si uliinyoosha wewe?"

"Ile ililala. Wallahi, siku mbili."

Ilikuwa kweli tupu, na ilitoka mdomoni mwake sawasawa na ule uongo. Sabra alimkazia macho.

"Basi panda boti yake."

Mfaume, asiyejua kuogelea, akapanda. Akaketi pale shafti inapopita chini, kiganja kwenye ubao, akiisikiliza njia nzima.